Kodi ya sailensa imefutwa Marekani, je naweza kununua tu bila makaratasi? Mshkaji ananionyesha njia ya mkato

BARUA

Shikamoo Anko, pole na majukumu.

Mimi ni mdau wako wa huku Texas upande wa Fort Worth, mtu wa Singida, nina miaka 34, naendesha malori. Nina grini kadi na maombi ya uraia nimeshapeleka, nasubiria tu kuitwa kwenye interviu. Nimeoa, mke wangu naye ana grini kadi, tuna mtoto mmoja, afu tunaishi na mdogo wangu wa kiume ambaye amekuja kusoma chuo kwa viza ya mwanafunzi.

Sasa Anko ishu yangu ni hii. Kuna mzee mmoja wa hapa Texas, ni rafiki yangu sana, ana ranchi, na hiyo ranchi imevamiwa na nguruwe pori kinoma, wanafukua majani yote, wanavunja fensi, yani ukiamka asubuhi unakuta shamba kama limelimwa na trekta. Nikiwa ofu huwa naenda kumsaidia kuwapiga, nina bunduki yangu ya kaliba .308 nilinunua dukani kwa kufuata taratibu zote, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi. Shida ni kelele. Jioni tukipiga sana narudi nyumbani sikio la kushoto linalia wiiiii mpaka nalala nalo, na ng'ombe wa mzee wanakimbia wanajigonga kwenye fensi. Mzee mwenyewe ana sailensa kwenye bunduki yake, nimeijaribu akiwepo, tofauti ni kubwa mno.

Nataka ya kwangu ila nimechanganyikiwa, kila mtu anasema lake. Mmoja ananiambia Trump alishafuta kodi tangu Januari 2026 kwa hiyo sasa hivi unaingia dukani unalipa unaondoka nayo. Mwingine ananiambia Texas ilishapitisha sheria kwamba sailensa ikitengenezwa hapahapa Texas serikali ya Washington haikuhusu. Halafu kuna mshkaji wangu wa karibu, yeye ndo ananisukuma sana, kanionyesha mtandaoni vile vichupa vya kusafishia mtutu vinavyotoka China, dola hamsini sitini, anasema kinakuja kimezibwa mbele unatoboa mwenyewe na drili, kazi imeisha, na "kila mtu anafanya". Mzee wa ranchi naye kwa wema wake kasema anaweza kununua nyingine kwa jina lake anipe mimi nikae nayo.

Anko mimi sitaki kuharibu makaratasi yangu ya uraia. Naanzia wapi? Mtu mwenye grini kadi anaruhusiwa kweli? Na mdogo wangu anataka sana kuja kuwinda na mimi, nimlete au nimwache? Nyumbani Singida wakisikia sailensa wanajua ni kitu cha majambazi wa kwenye muvi, hata mke wangu mwanzoni aligoma.

Naomba unijibu kwa kirefu.

Mwindaji wa Fort Worth

JIBU

Marahaba mpwa wangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujaweka oda ya hicho kichupa, na ntaanza na hicho maana ndo kinachonitisha kuliko vyote.

USINUNUE. Na kama umeshanunua usikitoboe, usikijaribishe hata siku moja, mtafute wakili akwambie namna ya kuachana nacho. Kwa sheria ya shirikisho hapa Marekani sailensa yenyewe inahesabika kuwa ni silaha, na hata kipande tu kilichotengenezwa kwa nia ya kuunda sailensa kinahesabika hivyohivyo, kwa hiyo siku unashika drili tayari umeshatengeneza silaha isiyosajiliwa na kifungo chake kinafika mpaka miaka 10. Huyo anayeuza ameandika ni kifaa cha usafi ili yeye asiguswe, wewe ndo mwenye jina na anwani kwenye kifurushi, na forodha wanavijua hivyo vifurushi siku nyingi, watu wameshagongewa milango. Sasa hapo ni kwa raia wa kuzaliwa. Wewe mwenye grini kadi kuna kingine juu yake: sheria ya uhamiaji inasema mtu asiye raia akipatikana na hatia ya kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, na tafsiri ya silaha wanayoitumia humo imeitaja sailensa waziwazi. Yani dola sitini zinakula grini kadi, zinakula uraia, zinamwacha mkeo na mtoto hapo Fort Worth na wewe uko kwenye ndege ya kurudi Dar. Huyo mshkaji anayesema kila mtu anafanya, muulize na yeye kama ana interviu ya uraia mwaka huu.

Hili la Texas. Ni kweli sheria ipo, ilianza kutumika Septemba 1, 2021, inasema sailensa iliyotengenezwa Texas na kubaki Texas haifungwi na sheria ya shirikisho. Ila kuandikwa Austin, makao makuu ya jimbo, hakumzuii mwendesha mashtaka wa shirikisho kukufuata. Angalia Kansas, wao walipitisha ya kwao ya namna hiyohiyo mwaka 2013, mwenye duka mmoja wa mji wa Chanute akaiamini akawa anatengeneza na kuuza, mwanajeshi mstaafu naye akaiamini akanunua kwake, wote wawili wakafikishwa mahakama ya shirikisho, wakakutwa na hatia 2016, rufaa ikagonga mwamba 2018, na 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi yao. Watu walioamini sheria ya jimbo lao wenyewe, raia kabisa! Texas walijaribu kwenda mahakamani kuitetea ya kwao, kesi ikatupwa bila hata kuingia kwenye kiini cha hoja. Kwa hiyo hiyo sheria iheshimu ila usiifanye ngao.

Na wema wa mzee wa ranchi nao ukatae kwa adabu. Yeye akiwepo pembeni yako unatumia yake bila shida, kama mlivyofanya, na kwa kweli hiyo ni njia nzuri ya mtu kuonja kabla hajatoa hela. Ila kuinunua kwa jina lake ikakae kwako ni kuhamisha silaha iliyosajiliwa bila kibali, mnaingia kwenye kosa wote wawili, na yeye mzee wa watu atapoteza bunduki zake zote kwa kukuhurumia wewe.

Haya sasa, hii ya kodi. Hapa huyo aliyekwambia kodi imefutwa kasema nusu ya ukweli. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1934, enzi za magenge ya akina Al Capone, waliweka kodi ya dola 200 kwa kila sailensa na kila bunduki ya rashasha, na dola 200 ya mwaka ule ilikuwa hela ndefu mno, lengo lilikuwa mtu wa kawaida ashindwe. Kodi ikakaa palepale kwenye 200 kwa zaidi ya miaka 90. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ndo ikaishusha mpaka sifuri kuanzia Januari 1, 2026 kwa sailensa na bunduki zenye mtutu mfupi, rashasha zimebaki na 200 yake. Lakini walichofuta ni HELA tu mpwa wangu. Usajili upo, maombi yapo, alama za vidole zipo, kusubiri kupo. Anayekwambia unaingia unalipa unaondoka nayo anakutafutia kesi.

(Na huko nyumbani wanaoiona ni kitu cha majambazi waelimishe taratibu. Aliyeibuni ni Hiram Percy Maxim, akapata hati yake 1909, na kampuni yake ilitengeneza pia sailensa za injini, ni kitu kilekile cha kwenye ekzosi ya bodaboda, gesi yenye presha inapitishwa kwenye vyumba vyumba inapoa inatoka polepole. Baba yake ndo yule Maxim wa bunduki ya rashasha, sisi wa kusini jina hilo tunalijua kwa uchungu, maana ndo bombom Wajerumani walizowamwagia babu zetu kwenye Majimaji. Basi mtoto yeye akaenda kutafuta ukimya.)

Unaruhusiwa? Ndio. Mkazi wa kudumu mwenye grini kadi, aliyefika miaka 21, asiye na rekodi ya kumzuia, anayeishi kwenye jimbo linaloruhusu, anaweza kununua sailensa sawa na raia. Texas inaruhusu, na tangu 2012 unaruhusiwa hata kuwindia. Hakuna kifungu kinachokwambia usubiri uraia kwanza. Ila kama roho yako haitatulia mpaka uape, subiri, nguruwe wa Texas hawatakwisha, hilo nakuhakikishia.

Unaanzia kwenye bunduki yako, sio dukani. Angalia mdomo wa mtutu kama una tredi ya kufungia sailensa. Bunduki nyingi za kukoki za zamani hazina, na hapo unampelekea fundi bunduki anayeeleweka akukatie, kwa .308 kipimo cha kawaida ni 5/8x24. Usimpe fundi wa uchochoroni, tredi ikienda upande hata kidogo tu risasi inagonga ndani ya sailensa na unaharibu vyote. Halafu nunua ya kaliba .30 kwa sababu kesho ukinunua bunduki ndogo ya .223 sailensa hiyohiyo utaivalisha kwa kubadilisha kichwa cha kufungia tu, ila ya .223 huwezi kamwe kuiweka kwenye .308. Bei nzuri nzuri zinacheza kati ya dola 400 na 1,200, na mimi kwa mwindaji wa kawaida sioni sababu ya kupanda juu ya 900. Angalia uzito! Watu wanaangalia sifa za matangazo wanasahau watabeba kitu hicho mbele ya mtutu usiku mzima porini.

Halafu unatafuta duka lenye leseni ya kuuza vitu hivi, sio kila duka la bunduki lina hiyo leseni maalum, uliza kwanza. Ukiipenda ya mtandaoni sawa, ila haiji kwako, inaenda kwanza kwa duka la jimboni kwako kwa fomu yao wao wenyewe, ndo duka linakuhamishia wewe. Unalipia, mzigo unabaki dukani umefungiwa, na mnajaza Fomu 4 ya ATF, ile idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kwa njia ya mtandao. Lazima ufungue akaunti yako mwenyewe kwenye mfumo wao maana utasaini kwa namba yako ya siri, usimpe muuzaji akusainie. Utahitaji picha ya pasipoti, alama za vidole ambazo maduka mengi siku hizi wanachukua kwa mashine palepale, na nakala ya maombi inaenda kwa sherifu au mkuu wa polisi wa unapoishi. Hiyo ni taarifa tu, tangu 2016 haombwi ruhusa, kwa hiyo usikae unamsubiri sherifu akupigie. Uliza pia kabla ya kulipa kama ombi likikataliwa hela inarudi, na wakuandikie.

Hapa kwenye kujaza fomu ndo nataka uwe makini kuliko sehemu zote, na naongea kama mtu ninayejua majina yetu yalivyo. Sisi tuna jina letu, la baba, la babu, pasipoti ya Tanzania imeandika matatu, grini kadi imeandika mawili, leseni ya udereva imerusha la babu mbele. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha serikali, weka namba yako ya mgeni ile iliyo kwenye grini kadi, uraia andika Tanzania, usijifanye umeshakuwa Mmarekani kwa sababu interviu iko karibu. Hiyo moja tu, kujiita raia wakati bado, inaweza kuua ombi lako la uraia kabisa. Majina kama Juma, Hassan, Ally, John yanafanana na ya maelfu ya watu, kwa hiyo ukaguzi wa FBI unaweza kukwama kwa sababu ya mtu mwingine kabisa mwenye jina lako. Ikikutokea usitukane mtu, kuna utaratibu wa FBI wa kuomba wakuwekee faili, wanakupa namba maalum inayoitwa UPIN unaiandika kwenye fomu zako zinazofuata.

Na swali la bangi lipo. Hata kama jimbo jirani wanauza dukani kama soda, sheria ya shirikisho bado inahesabu mtumiaji kuwa hastahili kumiliki silaha, na fomu inauliza. Ukidanganya ni kosa lingine tena. Jibu ukweli, na kama ukweli ni mbaya basi acha maombi.

Muda wa kusubiri siwezi kukupangia. Miaka ya nyuma watu walikuwa wanakaa miezi nane, kumi, 2024 ikawa siku tu kwa wengine, halafu Januari 2026 kodi ilipofutwa watu wakafurika mfumo ukaelemewa. Kibali kikitoka unarudi dukani, unajaza ile fomu 4473 uliyoijaza uliponunua bunduki, unakabidhiwa mzigo. Piga picha kibali weka kwenye simu, nakala nyingine iwe kwenye begi la bunduki kila unapotoka, ya asili ifungie.

Sasa jina la kusajili, jina lako peke yako au trasti? Wewe ni dereva wa malori, wiki mbili uko barabarani, mkeo ana namba ya sefu. Ikisajiliwa kwa jina lako peke yako na yeye anaifikia wakati haupo, hapo pana tatizo. Ndo maana kwa familia yako mimi nakushauri trasti, ni hati ya kisheria tu, wewe na mkeo mnakuwa wasimamizi, kila mmoja anapeleka vidole na picha yake, na wote mnakuwa na haki ya kukaa nayo. Kwa mtu mwenye familia naona ni hela iliyotumika vizuri. Ila ongea na mama kwanza, asisaini kitu alichogomea moyoni, maana jina lake nalo linaingia serikalini.

Mdogo wako USIMWEKE kwenye trasti. Mtu mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha wala risasi hapa Marekani, kushika tu achilia mbali kumiliki. Ipo njia moja ya halali, akiwa na leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo na haijaisha muda, sheria inamwachia. Sasa Texas kuna mtego mdogo, nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi tangu 2019 hawahitaji leseni ukiwa na ruhusa ya mwenye ardhi, kwa hiyo wenyeji watakwambia dogo haihitaji. Yeye ANAIHITAJI, sio kwa ajili ya nguruwe, kwa ajili ya viza yake. Asome kozi ya uwindaji, akate leseni, ajue kwamba za Texas zinaisha Agosti 31 kila mwaka hata kama umekata Julai. Na kabla hajagusa chochote aongee na wakili wa uhamiaji saa moja tu. Mpaka hapo aje ranchi kushika tochi na kubeba maji, na namba ya sefu nyumbani asiijue.

Sikio lako. Bunduki ya kaliba hiyo inapiga kelele za desibeli 160 na zaidi, sailensa inapunguza kama 20 mpaka 35, na kelele ya ghafla inaanza kuumiza sikio kwenye 140. Piga hesabu mwenyewe, inasaidia sana ila sio kimya cha kwenye muvi, na risasi ya .308 inakwenda haraka kuliko sauti kwa hiyo ule mlio wa kupasua hewa utabaki palepale. Vaa vifuniko vya masikio hata ukiwa na sailensa, hasa ukipiga nyingi. Na huo mlio wa wiiiii unaolala nao nenda hospitali wakakupime wiki hii, usisubiri kibali, sikio likishakufa halirudi.

La mwisho, lori. Isipande kwenye lori hata siku moja. Kuivusha sailensa kwenda jimbo lingine hakuhitaji kibali cha ATF kama rashasha, ila California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island wamezipiga marufuku kwa raia wa kawaida, na Washington D.C. pia, na dispacha akikubadilishia mzigo ukiwa Missouri asubuhi, jioni uko Illinois. Na nyumbani Singida usiipeleke hata kumuonyesha mjomba, kuitoa nje ya Marekani bila kibali cha serikali ni kosa kabla hujafika hata kwenye forodha ya kwetu. Ukikwama kwenye Fomu 4 niandikie tena, nitumie swali lenyewe lilivyo ila funika namba zako zote.